John Cacioppo, Mtaalamu Aliyeupima Upweke

Askari aweza kulala katika bweni lenye vitanda arobaini, akala meza moja na wenzake, akapanga mstari pamoja nao alfajiri, na bado akawa mpweke. Mke wa polisi aliyehamia kituo kipya aweza kuzungukwa na majirani pande zote nne, sauti zao zikipenya ukutani, na asiwe na hata mmoja wa kumweleza kwamba mtoto amekesha na homa. Jambo hili watu wazima walilijua tangu zamani, lakini lilihesabiwa kuwa ni la moyoni tu, la kuachiwa washairi na viongozi wa dini. Daktari hakuwa na la kuandika katika kadi ya mgonjwa. Miongoni mwa waliolitoa moyoni wakalipeleka maabara, wakalipima kwa damu, kwa usingizi na kwa picha za ubongo, wa mbele kabisa ni Mmarekani aitwaye John Cacioppo. Habari zake zafaa kusomwa katika kila nyumba yenye mtu wa kazi ya zamu na uhamisho.

Cacioppo alizaliwa tarehe 12 Juni 1951 katika mji wa Marshall, jimbo la Texas. Masomo yake ya kwanza ya chuo kikuu hayakuhusu nafsi ya binadamu hata kidogo: alisoma uchumi katika Chuo Kikuu cha Missouri, akapata shahada mwaka 1973. Ndipo alipogeukia saikolojia, yaani elimu ya nafsi na mwenendo wa watu, katika Chuo Kikuu cha Ohio State, akapata udaktari wa falsafa mwaka 1977. Kutoka hapo alifundisha Notre Dame, kisha Iowa kwa muda wa miaka kumi, akarudi Ohio State mwaka 1989, na mwaka 1999 akahamia Chuo Kikuu cha Chicago, alikofanya kazi mpaka mwisho wa maisha yake.

Jina lake lilianza kusikika mapema, kwa kazi aliyoifanya pamoja na mwenzake Richard Petty. Wawili hao walichunguza swali ambalo kila msemaji wa hadhara hujiuliza: watu hushawishika vipi? Katika jaribio lao moja, lililochapishwa mwaka 1981, wanafunzi wa chuo kikuu walisikilizishwa hoja za kutaka uanzishwe mtihani mkubwa wa kumalizia masomo. Baadhi yao waliambiwa kwamba mtihani huo huenda ukaanza mwaka unaofuata, nao wangeufanya. Wengine waliambiwa kwamba ungeanza baada ya miaka kumi, watakapokuwa wamekwisha kuondoka. Wale ambao mtihani ungewakuta walizipima hoja zenyewe, zenye nguvu wakazikubali, dhaifu wakazikataa. Wale ambao haukuwahusu waliangalia zaidi ni nani aliyesema, kama ni mabingwa wa elimu au watoto wa shule ya sekondari. Mtu huyo huyo, basi, aweza kuwa mwenye busara au mfuata mkumbo, kwa kadiri anavyoona jambo lamgusa. Nadharia iliyotoka katika kazi hiyo inafundishwa hata leo kwa wanafunzi wa biashara, wa siasa na wa afya ya jamii.

Mtu mwingine angetulia hapo akala matunda ya jasho lake. Cacioppo hakuridhika kuwauliza watu wanavyojisikia na kuandika majibu yao, maana binadamu hasemi yote, na mengine hayajui mwenyewe. Alibandika vipokezi vidogo vya umeme juu ya nyusi na mashavu ya watu, akawaonyesha picha za kupendeza na za kuchukiza. Kazi hiyo ilichapishwa mwaka 1986. Hata pale ambapo jicho halikuona uso ukibadilika kamwe, misuli ya nyusi na ya mashavu ilitoa umeme mdogo uliotofautisha upendo na chuki. Siri ya moyo ilikuwa imeandikwa usoni kwa wino usioonekana, na chombo kikausoma.

Kutoka hapo swali likawa kubwa zaidi. Ikiwa mawazo ya mtu kuhusu wenziwe yaacha alama katika misuli, je, hayaachi alama katika ubongo, katika moyo na katika damu? Wakati huo wataalamu wa ubongo walikuwa na desturi ya kuuchunguza ubongo kama mtambo uliofunguliwa na kuwekwa peke yake juu ya meza. Wataalamu wa jamii, kwa upande wao, walizungumza habari za makundi na vyeo kana kwamba binadamu hana mwili. Mwaka 1992 Cacioppo na mwenzake Gary Berntson waliandika makala iliyoita elimu mpya ambayo katika Kiswahili twaweza kuiita elimu ya ubongo na jamii. Marekani ilikuwa imeutangaza mwongo ule wa 1990 kuwa mwongo wa ubongo, nao wawili walitaka ikumbukwe kwamba hakuna ubongo wa binadamu ulioumbwa ukaishi peke yake. Wengi waliona maneno hayo mawili, ubongo na jamii, hayaoani.

Mfano waliopenda kuutoa ulitokana na jaribio la wataalamu wengine, na wenye vyeo wataufahamu upesi. Nyani walipewa amfetamini, dawa ya kuchangamsha mwili, na matokeo yakawa vurugu tupu: huyu alifanya hivi, yule vile, hakuna kanuni iliyoonekana. Ndipo wachunguzi walipoangalia daraja la kila nyani katika kundi lake. Kumbe wale wakubwa wa kundi walizidi ubabe, na wale wa chini walizidi kunyenyekea. Dawa ilikuwa ile ile na damu ilikuwa ya nyani wote. Kilichotofautisha ni cheo. Aliyetazama kemia peke yake hakuona kitu.

Katika elimu hiyo mpya Cacioppo alichagua upweke uwe shamba lake. Kiswahili kina bahati katika jambo hili, kwani kinayo maneno ya kutosha kutenga yasiyofanana. Iko faragha, ambayo mtu huitafuta mwenyewe ili apumzike au asali. Kuko kuwa peke yake, ambako ni hesabu tu ya watu waliopo chumbani. Na uko upweke, au ukiwa kwa lugha kali zaidi, ambao ni uchungu. Cacioppo alishikilia kwamba upweke si idadi ya watu walio karibu na mtu. Ni tofauti baina ya uhusiano alio nao na ule anaouhitaji. Ndiyo sababu hakuupima kwa kuhesabu marafiki. Alitumia orodha ya maswali 20 iliyotungwa na wataalamu wa California, yanayomwuliza mtu ni mara ngapi hujiona hana wa kumwendea, ametengwa, au hana anayemjua kwa kweli.

Wazo lake la msingi lilikuwa jepesi, na pengine ndilo lililo bora kuliko yote aliyoyaacha. Njaa humwambia mtu ale. Kiu humwambia anywe. Maumivu humwambia aondoe mkono motoni. Upweke nao ni ishara ya mwili, iliyowekwa kwa sababu binadamu wa kale aliyetengana na wenziwe hakuishi muda mrefu. Uchungu wake humsukuma mtu arudi kwa watu. Kwa hesabu hiyo kuwa mpweke si aibu wala udhaifu wa tabia, kama vile kuona njaa si aibu. Uchunguzi wa maelfu ya mapacha wa Uholanzi, uliochapishwa mwaka 2005, ambao naye alishiriki, ulionyesha kwamba karibu nusu ya tofauti baina ya watu katika upweke yatokana na urithi. Hairithiwi hali yenyewe ya kukosa watu. Kinachorithiwa ni ukali wa kuumia mtu anapotengwa. Wako waumiao upesi na wako wasioumia upesi.

Tatizo huja pale ishara isipozimika. Mwaka 2002 Cacioppo na wenzake walichapisha uchunguzi wa usingizi wa wanafunzi wa chuo kikuu. Wapweke walikaa kitandani muda ule ule kama wenzao, lakini usingizi wao ulikatikakatika usiku kucha. Maelezo aliyoyatoa yataeleweka na kila aliyewahi kushika lindo: anayejua kwamba mwenzake wa zamu yuko macho hulala fofofo, na asiye na mwenzake hulala sikio likiwa wazi. Ubongo wa mpweke hujishikisha lindo wenyewe, kila usiku, bila kupokewa zamu. Miaka kadhaa baadaye uchunguzi ulifanywa katika South Dakota kwa Wahutterite, Wakristo wenye kuishi kwa ushirika, mali yao moja na meza yao ya chakula moja. Hata katika watu hao waliofungamana namna hiyo, aliyejiona mpweke zaidi ndiye aliyekuwa na usingizi uliokatika zaidi. Bweni lililojaa, kumbe, halimtoshi mtu.

Katika Chicago alianza mwaka 2002 kuwafuata wanaume na wanawake 229 wa umri wa miaka 50 hadi 68, mwaka baada ya mwaka. Ilionekana kwamba shinikizo la damu la wapweke lilizidi kupanda kadiri miaka ilivyopita. Ilionekana pia kwamba upweke wa mwaka mmoja ulitangulia huzuni nzito ya mwaka uliofuata, wala si kinyume chake. Jambo hilo lilikuwa na uzito, kwa kuwa wengi walidhani upweke ni jina jingine tu la huzuni. Mwaka 2007, pamoja na Steve Cole wa Los Angeles, alitazama chembechembe nyeupe za damu za watu 14 wa kundi hilo. Jeni 209 zilifanya kazi kwa namna tofauti baina ya wapweke na wasio wapweke: zile zinazochochea uvimbe mwilini zilizidi, na zile za kupigana na virusi zilipungua. Watu 14 ni wachache, na msomaji mwangalifu hatajenga nyumba juu ya msingi wa hesabu ndogo kama hiyo. Hata hivyo hapo ndipo madaktari wengi walipoanza kusikiliza.

Kubwa zaidi ni lile alilolikuta katika ubongo. Mtu angetegemea kwamba mwenye njaa ya watu akipata watu atawapokea kwa mikono miwili. La hasha. Mwaka 2016 ilichapishwa kazi iliyopima umeme wa ubongo wakati watu wakionyeshwa picha. Ubongo wa wapweke ulitenga picha za hatari baina ya watu na hatari nyingine katika muda wa sehemu 116 za elfu ya sekunde. Ubongo wa wengine ulichukua sehemu 252, zaidi ya mara mbili ya muda huo. Mpweke huona adui kabla ya kujua kwamba anatazama. Akisalimiwa kwa haraka huona amedharauliwa. Wawili wakicheka kando huona wanamcheka yeye. Hujibu kwa ukali au hujitenga, nao wenziwe wakiuona ukali huo hujitenga naye, naye hupata uthibitisho kwamba alikuwa amedhani kweli. Mwili unaotaka kumlinda ndio unaomfungia mlango.

Kwa sababu hiyo Cacioppo hakupendezwa na dawa rahisi ya kumkusanyia mpweke watu. Mwaka 2011 yeye na wenzake walizikusanya tafiti nyingi zilizokwisha kufanywa kuhusu njia za kuupunguza upweke: kuwafundisha watu namna ya kuzungumza, kuwapa msaada, kuwapangia nafasi za kukutana, na kuwasaidia kuyasahihisha mawazo yao juu ya wengine. Njia hiyo ya mwisho ndiyo iliyofaa kuliko zote. Katika kitabu chake cha mwaka 2008, alichokiandika pamoja na William Patrick, amemshauri mpweke aanze na mambo madogo yasiyo na hatari: salamu dukani, msaada mdogo kwa jirani, kazi ya kujitolea. Asitake urafiki mkubwa siku ya kwanza. Achague wa kuhusiana nao kwa tabia wala si kwa sifa zao, na aingie akitarajia mema, kwa kuwa anayetarajia mabaya uso wake humtangulia.

Jeshi la nchi kavu la Marekani lilimwita. Baada ya miaka mingi ya vita vya Iraki na Afghanistan, jeshi hilo lilianzisha mpango wa kuimarisha nafsi za askari kama vile viungo vyao vinavyoimarishwa, naye Cacioppo akawa miongoni mwa waliotunga sehemu ya uhusiano wa watu. Hoja yake ilikuwa kwamba ushupavu wa askari haumo ndani ya askari mmoja mmoja peke yake, umo pia baina yao. Jaribio lilifanywa katika platuni 48 zenye askari zaidi ya elfu moja. Kwa kura, wengine walifundishwa kuutazama mgogoro kwa macho ya mwenzao, kutambua dhana mbaya kabla haijawa ugomvi, na kumwona aliyejitenga. Wengine walifundishwa mila za watu wa nchi nyingine, ili iwepo hesabu ya kulinganisha. Matokeo yalitolewa mwaka 2015. Kundi la kwanza lilipungukiwa na upweke na kuongezeka katika kuhurumiana. Nyongeza ilikuwa ndogo, na wachunguzi wenyewe hawakuificha. Lakini ilipatikana kwa masomo ya muda mfupi, bila dawa wala mashine.

Sababu moja ya jeshi kujali ni kwamba upweke huambukiza. Mwaka 2009 Cacioppo, Nicholas Christakis na James Fowler walitumia kumbukumbu za mji wa Framingham, Massachusetts, ambako afya za wakazi zimefuatwa tangu mwaka 1948. Aliyehusiana moja kwa moja na mpweke alikuwa na uwezekano wa asilimia 52 zaidi wa kuwa mpweke mwenyewe. Rafiki wa rafiki, asilimia 25. Na rafiki wa huyo tena, asilimia 15. Ilionekana pia kwamba wapweke husukumwa polepole kuelekea ukingoni mwa jamii, na kabla ya kukatika hupitisha hali hiyo kwa wachache waliobaki nao, kama ukindu wa ukingoni unavyolegea ukalegeza na wa pili mpaka mkeka ukaanza kufumuka.

Na mtaalamu mwenyewe je? Alikuwa amekwisha kuoa na kuachana, ana watoto wakubwa, na alikuwa akiishi peke yake, alipokwenda Shanghai mwezi Januari 2011 kwa mkutano wa wataalamu. Huko alikutana na Stephanie Ortigue, Mfaransa aliyekuwa akifanya kazi Geneva. Bwana alichunguza upweke. Bibi alichunguza upendo, hasa ni sehemu zipi za ubongo zinazofanya kazi mtu anapopenda, ingawa yeye mwenyewe alikuwa ameridhika kuishi bila mume. Bwana alikuwa na umri wa miaka 59, bibi 36. Waliandikiana barua baina ya Chicago na Geneva, na mwaka huo huo wakaoana mjini Paris. Walihamia ofisi moja katika Chuo Kikuu cha Chicago, wakitumia meza moja, na kazi ile ya mwaka 2016 ya umeme wa ubongo ni yao wote wawili.

Mwaka 2015 alipatikana na saratani ya tezi ya mate. Matibabu yalikuwa makali, na mkewe alikaa naye hospitali wakati wote. Alipata nafuu, akarudi kufundisha na kuandika. Mwezi Januari 2018 serikali ya Uingereza ilimteua waziri wa kushughulikia upweke, jambo ambalo miaka ishirini kabla lingechekwa. Cacioppo alifariki tarehe 5 Machi 2018 katika mji wa Chicago, akiwa na umri wa miaka 66.

Mwezi Novemba 2023 Shirika la Afya Duniani liliunda tume ya uhusiano wa kijamii, mmoja wa wenyeviti wake wawili akiwa Chido Mpemba, mjumbe wa Umoja wa Afrika kwa mambo ya vijana. Taarifa ya tume hiyo ya mwaka 2025 ilisema kwamba mtu 1 katika kila watu 6 duniani ana upweke, na kwamba vifo zaidi ya 871,000 kwa mwaka vinahusiana nao. Stephanie Cacioppo aliendelea na uchunguzi. Mwaka 2022 alitoa kitabu kiitwacho Wired for Love, ambamo ameeleza elimu ya upendo katika ubongo, habari za ndoa yao ya miaka isiyofika saba, na jinsi mjane wa mtaalamu wa upweke alivyoyatumia mafundisho ya mumewe katika nyumba aliyobaki peke yake.